Barua za yule mama wa Rungwe

SWALI: Shikamoo dada, bibi anasema zamani kuna mama wa kizungu alikaa huku Rungwe anaandika habari za Wanyakyusa, barua zake nazipataje? Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo atakuwa Monica Wilson, mzaliwa wa Afrika Kusini 1908, alikuja huko kwenu miaka ya 1930 na mumewe Godfrey naye mtafiti, makaratasi yao yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, barua na notsi humohumo. Ukiwaandikia taja mwaka na kijiji, usiombe "zote" utazama. Mi barua nazipenda kuliko kitabu, kitabuni mtu kashajipanga, kwenye barua bado anahangaika. Halafu bibi mrekodi sasa hivi, simu si unayo?