Escalante: msikate mzeituni wa Kirusi kama mwenye dawa hayupo kando yenu

Msikate hata shina moja. Umeandika kwamba mwezi Mei kundi lenu litashuka katika makorongo ya mto Escalante, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, kukata mizeituni ya Kirusi, miti vamizi ya kigeni yenye miiba, kwa misumeno ya mikono, na kwamba dawa ya kuua visiki "italetwa na wengine baadaye". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa kuwa ndiyo tuliyoambiwa sisi na mratibu wa safari yetu, nasi tukayaamini.

Mti huu ukikatwa tu haufi. Mizizi hubaki na akiba yake, na kisiki huchipua upya. Dawa huifikia mizizi pale inapopakwa kwenye kidonda kibichi, hasa ule ukingo mwembamba ulio hai chini ya gome, ndani ya dakika chache baada ya msumeno kupita. Kidonda kikishakauka, dawa hukaa juu yake kama rangi juu ya ubao. Sisi tulikata kwa bidii, tukabeba matawi hadi mahali ambapo mafuriko hayafiki, tukaondoka. Wa dawa hawakuja. Niliporudi msimu uliofuata, palipokuwa na shina moja nene palikuwa na kichaka cha machipukizi yenye majani ya rangi ya fedha, yamesongamana hata mkono haukuweza kukifikia kisiki bila kuchanwa, na miiba yake hupenya glavu za ngozi. Kukiondoa kichaka hicho ni kazi kubwa kuliko kuuangusha mti wenyewe.

Namlaumu mratibu yule mpaka leo, kwa sababu alijua. Alihitaji idadi ya mashina ya kuandika katika ripoti, akawatumia watu waliotoa likizo zao kuiongezea korongo madhara yaleyale waliyokuja kuyaondoa.

Na madhara yenyewe si madogo. Miti hii ilipandwa makusudi miaka ya 1940 na 1950 kuzuia mmomonyoko, ikazishikilia kingo kiasi kwamba mto ulibanwa katika mfereji mwembamba, mierebi ya asili ikakosa mchanga mpya wa kuotea na samaki wa asili wakapungukiwa maji tulivu ya kina kifupi. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilianza kuiondoa upande wa Glen Canyon, sehemu ya chini ya mto huo, mwaka 2000, na kazi ikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, kisiki kwa kisiki.

Kwa hiyo nendeni wawili wawili, mmoja na msumeno, mwenzake na chupa, na mwenye chupa awe na leseni ya dawa hizo au awe chini ya usimamizi wa aliye nayo. Dawa ichanganywe na rangi ya buluu, ili kisiki kilichorukwa kionekane kabla hamjasogea. Mwezi Mei pia ndege wanaatamia katika miti hiyohiyo. Subirini majira ya kupukutika majani. Kuhusu buti na maji ya kunywa uliyoulizia, wenzangu katika jukwaa hili watakujibu.

Mpigie mratibu wenu leo, ndugu yangu, umwulize ni nani atakayeshika chupa. Akishindwa kumtaja mtu huyo, ahirisheni safari.