Tikal ilipataje maji bila mto?

Umeuliza Tikal, mji wa kale wa Wamaya kule Guatemala, uliishije bila mto wala ziwa karibu. Jibu liko chini ya miguu. Viwanja vya mji vilisakafiwa kwa plasta ya chokaa na kupewa mteremko, maji ya mvua yakaingia mabwawani, yakatumika kiangazi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita za mraba 1,000 ukipata milimita 20, hata ukipoteza asilimia 20, umevuna lita 16,000.

Ila ukivuna mvua nyumbani, usiige kukusanya tu. Bwawa moja la Tikal, Corriental, lilikuwa na chujio la zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo yanayonasa uchafu) na mchanga wa kwatzi. Yale ya karibu na ikulu na hekalu yaliharibika vibaya: mvua ilisomba zebaki iliyokuwa ndani ya rangi nyekundu iliyopakwa majengoni, na fosfati ya taka za jikoni ikastawisha sainobakteria, yaani vijidudu vya majini vinavyotoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata maji yakichemshwa! Kwa hiyo, kabla ya kununua tangi, kagua rangi iliyopakwa kwenye paa, hamisha jalala, na maji ya mwanzo wa mvua yamwage.