Anza hesabu kwa nauli

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama mtu wa kipato kidogo anaweza kuacha kazi kabla ya miaka 60 akaenda kuishi mahali penye watu wachache. Mimi niliacha kufundisha shule ya msingi mjini Nakuru mwaka 2022 nikiwa na miaka 50, na sasa naishi Eburru, kule juu mlimani kati ya Naivasha na Elementaita. Anaweza. Ila asianze hesabu kwa unga na sukari. Aanze kwa nauli.

Lakini najua wengi wanataka kusikia habari ya pensheni kwanza. Sisi tuliajiriwa zamani (mimi ni wa 1996), na hesabu yetu huenda hivi: chukua mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyotumikia, gawanya kwa 480. Mimi nilikuwa napata 40,000 kwa mwezi, nimetumikia miezi 312, basi pensheni ikawa 312,000 kwa mwaka. Ukikubali kuachia robo yake, unalipwa robo hiyo mara 20 kwa mkupuo mmoja. Ndivyo nilivyopata kiinua mgongo cha 1,560,000, na kila mwezi 19,500. Walimu waliokuwa chini ya miaka 45 mwaka 2021 waliingizwa katika mpango wa pensheni ambao mwalimu mwenyewe huchangia kutoka mshahara wake, kwa hiyo wasinifuate mimi kwa hesabu hii.

Kati ya barua ya kustaafu na shilingi ya kwanza ilipita miezi kumi na mmoja. Faili langu lilikuwa "mezani". Meza ya nani, sikuambiwa. Nilikula akiba ya chama ikaisha, nikala viazi vya majirani. Anayetaka kuniiga awe na chakula cha mwaka mzima kabla hajaandika ile barua.

Shamba, nusu ekari, nililinunua 2014 kwa mkopo wa sacco. Wenzangu katika chumba cha walimu walinicheka, wao wakitafuta ploti Kiamunyi, pale pembeni mwa mji wa Nakuru. Walisema huko hata maji hakuna. Kweli, maji ya bomba sina. Lakini huku ardhi inapumua: mvuke wa moto hutoka kwenye nyufa za mlima, watu wanauingiza kwenye mabomba, unapoa na kugeuka maji, yanadondoka tone kwa tone mpaka pipa lijae. Mgeni akija namchotea kikombe kwanza, ndipo namwambia yametoka wapi. Joto hilohilo la chini ndilo linalokausha pareto kwenye kikaushio cha hapa kijijini. Mimi pia nimepanda pareto kidogo, robo ekari hivi, na kila wiki mbili nachuma maua. Si pesa ya kujengea nyumba, lakini sabuni na chumvi sinunui kwa pensheni.

Sasa nauli. Mwezi wangu wa kwanza wa pensheni niliandika kila senti kwenye daftari, tabia ya ualimu haiishi. Chakula kilikuwa 5,200. Nauli ilikuwa 6,800! Bodaboda hadi Gilgil, mji wetu wa karibu, na kurudi ni mia sita, na mvua ikinyesha kijana anataka zaidi, nami simlaumu nikiiona ile barabara. Nina shinikizo la damu, hivyo kliniki Nakuru ilikuwa kila mwezi. Gesi ikiisha, Gilgil. Mazishi, Gilgil, halafu gari jingine. Mjini vitu vyote hivi vilikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni, na sikuwahi kujua kwamba ukaribu ule ulikuwa sehemu ya mshahara wangu.

Michango nayo sitaiongea sana. Ndugu wakisikia "milioni moja na nusu" hawasikii tena "elfu kumi na tisa kwa mwezi". Nimetoka kwenye makundi manne ya WhatsApp ya harambee na bado nasalimiwa.

Bima ya walimu ilikoma nilipotoka kazini. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ianze Oktoba 2024, tusio na mshahara tunalipa kwa mwaka mzima mara moja, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hiyo naitenga Januari, kabla ya mbegu.

Kilichoniokoa ni majirani, wale wachache waliopo. Daktari alikubali kuniandikia dawa za miezi mitatu, na jirani ndiye aliyenishauri nimwombe hivyo; mimi nilikuwa naona aibu. Kisha tukapatana kina mama watano: kila Alhamisi mmoja wetu anashuka Gilgil kwa niaba ya wote, na nauli tunaigawa. Mwezi uliopita nauli yangu yote ilikuwa 1,900.

Alhamisi hii ni zamu yangu. Nimeandikiwa sukari kilo nne, betri za redio, dawa ya minyoo ya mbuzi, vocha, na mama mzee wa nyumba ya chini ameagiza miwani ya kusomea, ile ya mia mbili, lakini isiwe nyekundu.