Hewa ya ndege na kikohozi cha abiria mmoja

Ndugu, umeuliza kwa ajili ya mamako anayesafiri kama kikohozi cha abiria mmoja huenea ndege nzima kupitia viyoyozi. Hapana, kwa kawaida hakienei hivyo. Kwenye ndege kubwa hewa hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na inayorudishwa ndani huchujwa. Wa kuangalia ni aliyekaa karibu nawe. Hatari kubwa ni ndege kusimama chini mitambo ya hewa ikiwa imezimwa: Alaska, 1977, ndege moja ilikaa hivyo saa kama 3 na mgonjwa mmoja wa homa ya mafua, na asilimia 72 ya waliokuwamo wakaugua. Ndege ndogo kama zitokazo uwanja wa Manda, Lamu, huenda zisiwe na vichujio, kwa hiyo mamako mwenye pumu avae barakoa tangu foleni ya kupanda.