Bustani ya Shule Isiwe Adhabu

Katika shule zetu nyingi za msingi, mtoto akichelewa namba, yaani kuhesabiwa asubuhi, anapewa jembe. Akipiga kelele darasani, anapelekwa kupalilia. Halafu kipindi cha sayansi kikifika tunamwambia mimea ni uhai, na tunashangaa kwa nini macho yake yako dirishani. Mimi nafundisha darasa la nne mkoani Kigoma, kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Tanganyika, na ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu anayetaka kuanzisha bustani ni huu: siku mnayoanza, tangazeni mstarini kwamba hakuna mtoto atakayelima kwa sababu ya kosa. Jembe likishageuka fimbo, hakuna somo litakalolikomboa.

Wazazi nao wana neno lao. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule kuwa na shamba si jambo geni, lakini wengi waliopita huko wanakumbuka zaidi jua la saa sita kuliko walichojifunza. Ndiyo maana mama mmoja aliniambia kwenye kikao, "Mwalimu, kulima mwanangu anajua, nimemleta asome." Nilimwambia ana haki, na bado naamini ana haki. Mtoto wa Kigoma hahitaji mwalimu wa kumfundisha kushika jembe. Anachokikosa nyumbani ni muda wa kupima, kulinganisha, kuandika na kuuliza kwa nini tuta hili limestawi na lile limedumaa. Kama bustani yenu haina rula na daftari, basi mama yule ameshinda hoja.

Kwa hiyo anzeni padogo. Tuta la mita 2 kwa mita 1 linatosha kikundi cha watoto sita. Mchicha ndio zao la kuanzia, maana unaota ndani ya siku chache na kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, kabla watoto hawajachoka kungoja. Tuta moja litiwe samadi iliyooza vizuri, la jirani lisitiwe, na yote mawili yamwagiliwe kiasi kilekile. Kila kikundi kiwe na daftari lake la tarehe, urefu kwa sentimita na wadudu walioonekana. Maharage yapandwe kwenye chupa inayoonyesha ndani, mbegu ikigusa ukuta wa chupa, ili waone mzizi ukitangulia kushuka kabla jani halijatokeza juu. Picha ya kitabuni haijawahi kunyamazisha darasa langu kama mzizi ule.

Lakini kitu kilichobadilisha kabisa vipindi vyangu vya hisabati ni kipimo cha mvua. Tafuta chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, uigeuze kichwa chini iingie kwenye ile ya chini kama faneli. Weka changarawe kidogo kitakoni isipeperushwe, tia maji hadi yazifunike changarawe, kisha bandika rula kwa nje, sifuri ikiwa usawa wa maji hayo. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, isomwe kila asubuhi saa ileile.

Utamu uko kwenye hesabu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuta letu lina mita 2 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 imelipatia lita 20, yaani ndoo moja nzima. Watoto wanaobeba ndoo kila siku wanajua uzito wa jawabu hilo. Baada ya hapo wapeleke kwenye jengo. Darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7, kwa mvua hiyohiyo, paa lake limepokea lita 700. Darasa langu lilipofika hapo walitoka nje kulitazama paa kana kwamba halikuwepo jana. Daftari lile likapelekwa kwenye kamati ya shule, na mazungumzo ya gata na tanki yakaanzia hapo. Sijui njia bora ya kumfundisha mtoto eneo na ujazo kwa siku moja.

Somo la mmomonyoko nalo halihitaji fedha. Laza chupa mbili zilizokatwa ubavuni, zote zikiinama kidogo. Moja ijazwe udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi zake. Mimina kikombe kimoja cha maji kwenye kila moja na kinga yanayotoka. Moja itatoa maji ya rangi ya tope, nyingine yatatoka polepole na safi zaidi. Kwetu mtoto hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ameona maji ya mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, yanavyobadilika rangi baada ya mvua kubwa. Udongo ule unafunika mawe ya kando ya ziwa ambako samaki wengi wanatafuta chakula na kuzaliana. Ziwa lina kina cha mita zaidi ya 1,400, lakini huko chini sana hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki wanaishi kwenye maji ya juu, na mawe ya kando si kitu cha kupuuza.

Tuna bahati pia ya kuwa jirani na Hifadhi ya Gombe. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1991, baada ya kuzungumza na wanafunzi 12 wa sekondari jijini Dar es Salaam, akaanzisha mpango wa vijana wa kutunza mazingira, Roots & Shoots. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE wa kurudisha misitu na kutunza mazingira pamoja na vijiji vya Kigoma. Jambo ambalo shule yoyote inaweza kuiga kutoka vijiji hivyo ni kuacha visiki vichipue vyenyewe. Chagueni kona moja ya uwanja, izungushieni fito, msifyeke wala msifagie (najua tunavyopenda kufagia hadi udongo mwekundu ung'ae). Watoto wahesabu kila mwezi kilichoota, kisha wawaulize bibi na babu jina la kila mti kwa Kiha na kazi yake. Majibu wanayorudi nayo yanatosha kwa insha za muhula mzima.

Mambo mawili ya usalama sitaki yapuuzwe. Msiwatume watoto kuteka maji ya bustani ziwani, kwa sababu ya kichocho na kuzama. Tumieni maji yaliyonawiwa mikono yasiyo na sabuni nyingi, au ya paa. Na baada ya kushika udongo na samadi, sabuni iwepo.

Mboga zikivunwa, walioshiriki wazile. Kama zinauzwa, fedha zihesabiwe mbele yao na ziandikwe kwenye daftari lilelile.

Kuhusu miti, ifuateni mvua. Shule nyingi hupanda miti tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wageni wakiwepo. Kwa Kigoma siku hiyo masika yameshakwisha, likizo ya Juni iko karibu, na mche unaachwa na jua hadi Oktoba. Siku hiyo hesabuni miti iliyopona, wekeni matandazo na rekebisheni uzio wa mbuzi. Mbegu zitieni kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, Julai mkitoka likizo, miche itunzwe karibu na maji ya kunawia, na ihamishwe Novemba mvua ikishatulia. Shule ikifungwa Desemba, mvua itamwagilia yenyewe. Kabla ya kufunga, kila mche upewe mtoto anayeishi jirani na shule, jina lake liandikwe kwenye daftari, na mzazi wake aambiwe.