Reli ya mlimani ikishafungwa, okoa njia yake kwanza

Wengi tunaopenda reli za zamani tukisikia habari ya reli iliyokufa, swali la kwanza huwa: injini ziko wapi? Swali ni zuri, ila ushauri wangu, baada ya miaka ya kufuatilia reli ndogo ya Sigi kule Usambara Mashariki, ni kwamba injini isubiri. Shughulikia njia ilikopita reli: tuta, mikato ya mlimani, makalavati, misingi ya madaraja.

Sababu yangu iko wazi ukitazama reli mbili za Uingereza. Reli ya Lynton na Barnstaple, huko Devon, ilifungwa Septemba 1935, mali yake ikapigwa mnada na ardhi ikagawanyika mikononi mwa watu wengi. Injini yake iitwayo Lew ilipelekwa Brazil mwaka 1936 na haikuonekana tena. Wapenzi wa reli hiyo wakaunda nyingine kama hiyo, Lyd, iliyoanza kazi 2010. Injini ikapatikana! Lakini njia? Reli nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 31 hivi. Kipande kilichorudishwa tangu 2004, pale Woody Bay, hakizidi sana kilomita moja na nusu, na kuendelea mbele kunahitaji kununua ardhi shamba kwa shamba. Kule Wales, Welsh Highland iling'olewa vyuma mwaka 1941, lakini ardhi yake haikutawanyika, ilibaki mikononi mwa mfilisi kwa miongo mingi. Mwaka 2011 treni zilianza kupita tena kutoka Caernarfon hadi Porthmadog, kilomita 40.

Sigi hatuoti ndoto ya treni kurudi, na sidhani tunaihitaji. Reli hiyo ilikuwa ya geji (nafasi kati ya vyuma viwili vya njia) ya milimita 750, ikichepuka Tengeni kutoka reli kuu ya Tanga, ambayo geji yake ni mita moja, na kupanda hadi Sigi. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Mjerumani, ili iteremshe magogo na mazao ya mashamba. Leo anayekwenda Hifadhi ya Amani hupita Sigi, penye nyumba ya zamani ya steshenimasta iliyokarabatiwa ikawa kituo cha wageni. Nyumba imepona kwa sababu ilipewa kazi, na hilo nalo ni somo. Jengo lenye mtu anayelifagia kila asubuhi hudumu kuliko lenye kibao cha kumbukumbu peke yake.

Njia yenyewe utaitambuaje? Fuata mwinuko. Mtu na punda hukata kilima moja kwa moja, treni haiwezi. Reli ya kawaida, isiyo na chuma cha meno katikati cha kuisaidia treni kupanda, mara chache hupanda zaidi ya mita 4 katika kila mita 100, kwa hiyo huzunguka kilima taratibu. Ukiona ubavuni mwa mlima ukanda tambarare, upana wa kutosha behewa dogo, umechimbwa upande wa juu na kujazwa udongo upande wa chini, simama hapo. Teremka kwenye kila kijito ukatafute kalavati, maana mawe yaliyojengwa chini ya tuta hubaki hata tuta likilimwa. Washa simu irekodi unakopita, piga picha ukiwa umeweka futikamba kando ya kitu, uandike tarehe. Nenda kiangazi, nyasi zikiwa zimelala. Na omba ruhusa, kwani ukanda huo sasa ni mihogo ya mtu.

Vyuma utavikuta majumbani. Reli nyembamba ni nyepesi, inafaa kuwa nguzo ya banda au boriti juu ya mlango. Boma moja nilikaribishwa nione nguzo ya zizi, reli iliyosimamishwa wima, imelainishwa na migongo ya mbuzi. Kwenye shingo ya reli, kati ya kichwa na kitako, viwanda vingi vilikuwa vikiacha herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, mara nyingi na mwaka. Kutu ikizificha, weka karatasi juu yake usugue na kipande cha mkaa, zitajitokeza. Usiinunue wala kuihamisha. Ikiwa zizini ina mwenyewe. Ukishaitangazia bei umemwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kuhusu watu, nasisitiza hili kuliko yote: usiwatafute madereva tu. Tafuta watu wa gangi, waliokaza misumari na kushindilia kokoto, na wajukuu wao. Eritrea, reli ya Massawa hadi Asmara, kilomita 118 za kupanda kutoka baharini hadi zaidi ya mita 2,300, iliharibiwa vitani, vyuma vyake vikatumika kwenye mahandaki. Baada ya uhuru waliirudisha kwa kuwaita wazee waliostaafu, kwa kuwa ufundi ulikuwa mikononi mwao, na treni ikafika Asmara tena 2003. Ukimkalisha mzee usimwambie "nisimulie historia". Muulize alikuwa anaamka saa ngapi, nyundo ilikuwa na uzito gani, mvua ikibomoa tuta walifanyaje. Muombe akuonyeshe kwa mikono. Kisha iachie familia nakala ya sauti hiyo kabla hujaipeleka popote.

Picha za wakati wa Mjerumani zipo nyingi kwenye hazina ya picha za makoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, zinazoonekana kwenye intaneti, na mafaili ya utawala ule yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Picha hizo zichapishe kubwa, uzipeleke kijijini.

Halafu peleka ramani yako kwa mwenyekiti wa kijiji, ukiwa na wale wazee, mapema kabla viwanja vipya havijapimwa. Omba jambo dogo tu: ukanda wa tuta uandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama njia ya miguu.