Orkestra ya Baroque inakuja, tarumbeta zetu ziko juu kuliko zao. Tuzirefushe mabomba?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha kwaya na matarumbeta katika usharika wetu wa KKKT, Moshi Vijijini. Orkestra ya Baroque (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18) kutoka Saksonia, Ujerumani, inakuja kupiga na kuimba pamoja nasi ule wimbo wa Luther wa Mungu kuwa ngome. Wametuandikia kwamba A yao, ile noti ya kutyunia, ni hezi 415, na yetu ni 440. Fundi mmoja wa mjini anasema atarefusha mabomba ya tarumbeta kwa kuyachomelea, na fidla zetu nne atazilegeza nyuzi “ziwe za Baroque”. Bei yake tunaimudu. Tumpe kazi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimpe hata tarumbeta moja. Barua kama yako hunifikia kila inapotangazwa ziara ya wageni wa namna hii, na mara nyingi mtu wa njia ya mkato ameshatangulia.

Tarumbeta ya B-flati ina bomba la karibu sentimita 140. Kutoka 440 kwenda 415 ni kushuka nusu toni, na ili kushuka hivyo bomba linapaswa kurefuka kwa karibu asilimia 6, yaani sentimita 8 hivi. Huyo bwana atachomelea hizo sentimita 8 kwenye bomba kuu. Utapuliza noti ya wazi, utaisikia imeshuka sawasawa, utalipa. Kisha kijana atabonyeza vali (vile vitufe vya vidole) ya kwanza na ya tatu pamoja. Vile vibomba vidogo vya vali vilikatwa kufuata urefu wa awali; navyo vilitakiwa kurefuka kwa asilimia ileile, na hakuna aliyevigusa. Kwa hiyo kila noti ya vali itakuwa juu ya mahali pake, na vali zikibonyezwa kwa pamoja kosa linaongezeka. Kulivuta nje bomba la kutyunia mpaka lining'inie kunaleta ugonjwa uleule, ila angalau hilo linarudishika. Alichochomelea hakirudishiki vizuri.

Fidla nazo zina maumivu yake. Ukishusha nyuzi za chuma nusu toni, mvutano unapungua kwa karibu asilimia 11. Uzi unachelewa kuitika na sauti inafifia. Akizilegeza zote kwa mpigo mmoja, daraja linaloshikilia nyuzi juu ya ubao linaweza kulala, na kile kijiti kilichosimama ndani bila gundi, kinachobeba mtetemo kutoka ubao wa juu hadi wa chini, kinaweza kuanguka. Fidla isiyo na kijiti hicho ni sanduku tu.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni hayo maneno “ziwe za Baroque”. Namba 415 haikufanya muziki wowote kuwa wa Baroque. Katika karne ya 17 na ya 18 kila mji ulikuwa na kipimo chake: ogani nyingi za makanisa ya Ujerumani zilikuwa juu, karibu 465, na Wafaransa wengi walipiga chini, karibu 392. Hii 415 ni makubaliano ya wanamuziki wa karne ya 20. Waliipenda kwa sababu iko nusu toni kamili chini ya 440, hivyo hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha enzi hizo, inaweza kutengenezwa ikiwa na kibodi inayosogezwa hatua moja, ikapigwa kwa vipimo vyote viwili. Fidla ya wageni wako ni ya Baroque kwa nyuzi zake za utumbo wa kondoo, kwa upinde wake, kwa daraja na shingo yake, na zaidi ya hayo yote kwa mkono uliojifunza miaka mingi kuusemesha ule upinde. Hakuna kati ya hayo kinachopatikana kwa kulegeza uzi wa chuma.

Wala usiwaombe wao wapande hadi 440. Mvutano wa nyuzi zao utaongezeka kwa karibu asilimia 12, na uzi mwembamba wa utumbo hauna subira hiyo.

Dawa ni kuhamisha ufunguo, yaani ninyi kupiga wimbo uleule kwa noti zilizo nusu toni chini, nawe una bahati. Bach, mtunzi wa enzi ya Baroque, alifanya kazi Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kantata, yaani utungo wa waimbaji na orkestra, aliyoijenga juu ya wimbo huo huo wa Luther (namba BWV 80 katika orodha ya kazi zake) iko katika D. Wageni wakipiga D yao, kwa tarumbeta zenu hiyo ni D-flati. Anayesoma nota za tarumbeta ya B-flati ataona E-flati, flati (alama za kushusha noti) tatu tu. Kama mmerithi desturi ya Kijerumani ya kusoma nota kama zilivyo kwenye kinanda, mtaona flati tano, lakini vidole ni vilevile. Wangechagua F, msomaji wa B-flati angekutana na shapu (alama za kupandisha noti) sita. Hilo likataeni mapema. Waimbaji msiwasumbue kabisa. Wanasoma solfa (do, re, mi), na do yao inakaa popote itakapowekwa.

Wenye fidla nne wakae na safu ya wageni, waazime fidla za utumbo kama zipo za ziada, la sivyo wapige D-flati kwa fidla zao kama zilivyo. Kinanda cha umeme kizimeni.

Nawaambia walimu wote mnaosubiri wageni: msikubali ala zenu zibadilishwe mwili kwa ajili ya ziara. Wageni wataondoka, na Jumapili inayofuata tarumbeta inatakiwa ibadani. Huko Chiquitos, Bolivia, Wajesuti, wamisionari wa Kikatoliki, walifukuzwa 1767, lakini wenyeji waliendelea kunakili nota na kupiga fidla zao kwa vizazi. Maelfu ya kurasa za nota yalikutwa huko wakati makanisa yao yalipokarabatiwa karne ya 20. Waliweza kwa sababu ala na ujuzi vilikuwa mikononi mwao. Ninyi nanyi mnapiga nyimbo hizi Kilimanjaro tangu enzi za wamisionari wa Leipzig waliofika 1893. Msijione wanafunzi wa kurekebishwa.

Waandikieni sasa: D, na nota za matarumbeta zije zikiwa zimeshahamishwa, mapema, vijana wazizoee kabla ya ugeni. Siku ya mazoezi wageni wakitoa A yao ya kutyunia, ninyi pigeni noti ambayo kwenye kinanda ingeitwa A-flati. Kwa tarumbeta ya B-flati ni vali ya kwanza. Tofauti ndogo itakayobaki, sogezeni bomba la kutyunia milimita chache.